Mume Wangu kwa Kijerumani

Siku nilipoambiwa kwamba neno moja tu, "kilichopikwa", Wajerumani huligeuza mkia namna tano, nilimwambia mwalimu hiyo lugha wabaki nayo wenyewe. Nilisema kwa sauti, pale pale saloni, sebuleni kwangu mtaa wa Jabe, dirisha wazi, majirani wakisikia. Mwalimu hakukasirika. Alikuwa mzee wa Kirundi kutoka Gihosha, aliyesomea Ujerumani ujanani mwake, na kazi yake sasa ilikuwa kufundisha watu majumbani mwao.

"Madame," akasema huku akipangusa miwani, "ukimaliza kugomba tutaendelea."

Nigombe nisigombe, ilinibidi niendelee. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye zahanati moja hapa Bujumbura, na kwa bahati ambayo hata leo siielewi vizuri nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Ujerumani kutunza wazee. Sharti lilikuwa moja: nifaulu mtihani wa Kijerumani, wa kuandika na wa kuzungumza. Nikianguka, nafasi inapewa mwingine. Nikifaulu, baada ya muda ningeweza kumwita binti yangu, asome huko, akue huko. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana mzee alikuja, akavua viatu mlangoni ingawa nilimkataza, akakaa kwenye kiti cha karibu na rido, pazia la dirisha, na mateso yakaanza.

Nyumbani tulikuwa watatu tu: mimi, binti yangu ambaye alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, na mama mkwe wangu. Mume wangu hakuwepo. Alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, anavusha sabuni na mafuta pale Gatumba kwenda Uvira, upande wa Kongo, anarudi na vitenge. Msimu mmoja wa mvua, maji yamejaa kila mahali, alitoka asubuhi kama siku zote na hakurudi. Simu yake ikawa haiiti. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, nimekatazwa hata kupanda ngazi. Mama mkwe ndiye aliyejifunga kitenge akaenda Gatumba kumuulizia mwanawe. Akalala huko, akarudi kesho yake jioni, viatu vyote matope. Akasema, "Hakuna mwenye alimuona." Halafu akaniuliza kama nimekula, akaingia jikoni.

Basi tukabaki hivyo. Kwetu mtu hawezi kuliliwa kama hakuna aliyesema kwamba amekufa. Huwezi kutandika magodoro chini saloni, kuita watu, kuweka kilio, kwa ajili ya mtu ambaye huenda kesho akagonga mlango. Hiyo ni kumwitia kifo. Kwa hiyo sikuwa mjane na sikuwa mke wa mtu. Walionihurumia walisema "yule mwenye bwana yake alipotea", na walioniudhi walisema amepata mwanamke Uvira. Hao wa pili nilikuwa nawapenda zaidi, Mungu anisamehe, maana angalau kwao alikuwa hai.

Kila jioni nilimwekea chakula. Bugali, ndagala, kama kuna sombe ya majani ya muhogo basi sombe, nikafunika na sahani nyingine, nikaweka juu ya kabati. Wakati mwingine nilikuwa nazungumza nayo ile sahani. Ndiyo, nacheka sasa, lakini nilikuwa naiambia: "We baki huko, bugali inakuwa jiwe." Asubuhi mama mkwe aliishusha, akaipasha moto, akaila yeye peke yake uani, ametupa mgongo. Hakutaka mtu aguse. Binti yangu alitumbukiza kidole mara moja akapigiwa kelele mpaka akakojoa. "Chakula ya mutoto wangu haitupwe!" mama mkwe alisema. Mimi nikaona ni imani. Nikajiambia, huyu mama ana tumaini kuliko mimi, na siku nitakayoacha kuweka hiyo sahani nitamuua.

Kulikuwa na jambo jingine juu yake ambalo lilinitia aibu sana. Mama mkwe wangu hakukosa kilio cha mtu. Akisikia huku Jabe kuna mtu amefariki, hata mtu ambaye hajawahi kumsalimia, anajitanda kitenge cheusi anakwenda. Na huko halii kama wengine, kidogo, kwa heshima. Analia mpaka wenye msiba wenyewe wananyamaza wanamtazama. Anajitupa chini. Anaita "mutoto wangu, mutoto wangu" hata kama aliyekufa ni bibi wa miaka tisini. Mara moja mwenye msiba alinifuata sokoni akaniuliza kwa upole kama mama yangu alikuwa na undugu na marehemu baba yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nyumbani nikamtania, nikamwita "mama wa vilio", nikamwambia atafute kanisa limpe cheo. Alicheka, akasema, "Kulia ni kazi, mutoto wangu. Kuko wenye hawajui kuifanya."

Sasa, turudi kwa mzee na mikia yake.

Sisi watu wa Kongo tuliokimbilia Bujumbura Kiswahili chetu cha nyumbani hakina makuu. Maharage ni "maharage yenye ilipikwa". Mlango ni "mulango yenye ilifungwa". Shati ni "shati yenye ilifuliwa". Yenye, yenye, yenye, mtu anaelewa, maisha yanaendelea. Shuleni walitufundisha kile Kiswahili cha vitabuni, maharage yaliyopikwa, mlango uliofungwa, shati lililofuliwa, na nilidhani kwamba huko ndiko mateso yanakoishia. Nilipomweleza mwalimu hayo alifurahi mno. Alipiga makofi.

"Kumbe mnajua tayari! Nyinyi mnabadilisha kichwa cha neno, wao wanabadilisha mkia. Ni mnyama yuleyule."

Mnyama yuleyule? Thubutu! Maharage yaliyopikwa ni gekochte Bohnen, vizuri, nimekubali. Ukitanguliza die yanakuwa die gekochten Bohnen. Shati lililofuliwa ni das gewaschene Hemd, lakini likiwa shati fulani tu, lisilojulikana, ni ein gewaschenes Hemd. Hapo ndipo nilipofoka.

"Shati limebadilika nini?" nikamuuliza. Shati lenyewe tulikuwa tunalitazama, langu la kazini, kwenye kamba uani. "Limefuliwa, limeanikwa, limekauka. Kwa nini liitwe vingine kwa sababu tu hawamjui mwenyewe?"

"Kwa sababu neno la mbele limenyamaza, Madame. Das inasema wazi shati ni la jinsia gani. Ein haisemi. Basi mkia lazima useme. Lazima mmoja wao aseme."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Kitabu alikuwa nacho lakini hakukifungua. Alisema mifano ya vitabuni inalala vitabuni, kwa hiyo mifano yote aliokota ndani ya nyumba yangu: mlango uliofungwa, kikombe kilichovunjika, makaa yaliyozimwa, ufunguo uliopotea. Alikuwa anasema kwa Kijerumani, kisha kwa Kiswahili, kisha tena kwa Kijerumani, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto. Na kwa kuwa saloni yangu na uani vinatenganishwa na mlango mmoja tu, na mama mkwe alikuwa anakaa kizingitini na ungo wake wa maharage, mchana kutwa wa Jumamosi alisikia kila kitu.

Mwanzoni alinong'ona tu, akiitikia kama kanisani. Halafu akaanza kutamba. Jioni moja aliita kutoka jikoni, "Mukuje mukule gekocht Bohnen!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwalimu aliposikia habari hiyo alimpa mkono, akamwita mwanafunzi wake wa pili. Mikia ilikuwa inamshinda, aliikata yote, lakini maneno aliyashika, na maana zake aliziweka.

Mtihani ulipokaribia, mwalimu akaleta mambo ya mazungumzo. Alisema watahini huanza na mtu mwenyewe: unakaa na nani, familia yako ikoje, kazi yako ni nini. Akaniambia nitayarishe sentensi zenye maneno hayo ya mikia, ili wajue kwamba ninayaweza. Mimi nilikuwa tayari. Zamani nilikuwa nimemwomba neno la mume wangu, naye akanipa: vermisst. Aliyepotea na bado anatafutwa. Ajabu ni kwamba shati lilinishinda, maharage yalinishinda, lakini hilo neno sikulikosea hata mara moja. Mein vermisster Mann. Meinen vermissten Mann. Meinem vermissten Mann. Nilikuwa nalisema nikiosha vyombo, nikimsuka mtoto, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji.

Basi Jumamosi hiyo nikakaa wima, nikajitambulisha kama kwa mtahini. Mein vermisster Mann ist Händler. Mume wangu aliyepotea ni mfanyabiashara. Nikamwangalia mwalimu nikingoja sifa.

Hakusifu. Alivua miwani akaivaa tena.

"Mkia ni sawa kabisa," akasema. "Lakini, Madame, ukisema hivyo watakuuliza amepotea lini. Wapi. Polisi wanasemaje. Utaanza kulia na muda utaisha. Kuna neno jingine. Kwa ajili ya mtihani tu, unanielewa? Verstorben. Mein verstorbener Mann. Mume wangu aliyefariki. Watasema pole, halafu mtahamia kwenye habari za kazi."

Sikujua kwamba nimesimama. Nilijikuta tu nimesimama.

"Unataka nimuue mume wangu ili nipate alama?"

"Madame, ni mtihani..."

"Apana! Basi siendi. Mtihani siendi, Ujerumani siendi, mikia yenu muile wenyewe! Mi niende huko, niache nyumba, mutu arudi akute nani hapa?" Na niseme ukweli, sikufoka kwa sababu ya yule mzee peke yake. Wiki nyingi nilikuwa nahesabu moyoni, nikienda nani atamwekea sahani, nani atafungua mlango, na huyu mama nitamwachaje na tumaini lake peke yake. Mwalimu alinipa sababu ya kubaki, nikaidaka kwa mikono miwili. Nikageukia kizingitini ili mama mkwe anisaidie kumfukuza. "Mama, umusikie huyu mutu!"

Mama mkwe alikuwa ameacha kuchambua. Mikono imelala ndani ya maharage.

"Verstorben," akasema.

Nilidhani ameitikia tu, kama kawaida yake. Nikangoja acheke.

"Ni hiyo neno," akasema. "Ya mwalimu. Bwana yako alikufa, mutoto wangu. Mi ndiye nilimuzika."

Sijui nieleze vipi. Watu husema walisikia mlio masikioni, au waliona giza. Mimi sikuona giza. Niliona kila kitu vizuri sana: ungo, soksi za mwalimu, moja ina tundu kidoleni, inzi kwenye ukingo wa kikombe. Nilisema, "Uongo." Nikasema tena, "Uongo, mama, acha uongo." Nikacheka hata. Kazini mimi ndiye ninayewaita watu pembeni na kuwaambia. Ninajua mtu hukaaje, hupumuaje kabla ya kusema, husema neno gani kwanza. Na yeye alikaa hivyo hivyo.

Akasimulia akitazama maharage. Siku ile alipokwenda Gatumba, wanawake wanaovusha samaki walimpokea pale pale njiani, walikuwa wanamngoja. Mpaka ulikuwa umefungwa siku aliyotoka mwanawe kwa sababu ya maji, wanaume wachache wakajaribu kupita pembeni kwa mtumbwi. Mtumbwi ukapinduka, mwanawe akatolewa mtoni upande wa pili. Walimvusha mama akaenda kumtazama. Akamtambua. Hali ya mwili haikuruhusu kungoja, wakazika jioni ile ile, watu asiowajua wakishika koleo. Akalala kwa hao wanawake. Asubuhi akaoga, akavuka, akarudi Jabe.

"Na ukaniuliza kama nimekula," nikasema.

"Ulikuwa na mimba. Nani anaambiaka mwanamuke mwenye mimba habari ya kifo? Tungekosa mutoto pia."

Hiyo ni desturi, naijua, hata mimi mwenyewe nimewazuia ndugu za wagonjwa wasiseme. Lakini binti yangu alikuwa amezaliwa! Alikuwa anatembea, anaongea, anavunja vikombe! Nikampigia kelele hayo yote.

"Ukazaa," akasema, "wakaniambia ukiwa unanyonyesha maziwa itakauka. Nikasema atamaliza kunyonyesha. Ukamaliza. Halafu nikakuona unaweka ile sahani, unaongea nayo, unacheka. Nikasema kesho. Kila siku mudomo inakataa. Leo nimesikia unasema hauendi." Akanyanyua macho. "Mi nilikuwa nanyamaza ili uishi. Sasa kunyamaza kwangu kunakufungia mulango."

Nikamwambia sitaki maneno, nataka kitu cha kuona. Alinyanyuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na kitu kimefungwa ndani ya kitenge. Lilikuwa shati. Shati la mistari alilotoka nalo mume wangu asubuhi ile. Kola ilikuwa imegeuzwa, upande ulioliwa ndani, upande mpya nje, kazi ya fundi wa hapa hapa sokoni Jabe, na mimi ndiye niliyelipeleka. Lilikuwa limefuliwa. Limepigwa pasi. Limekunjwa kama la dukani.

Lile shati nililishika nikapiga yowe ambalo majirani walilisikia mpaka mtaa wa pili, wakaanza kuingia. Mwalimu maskini alitaka kuondoka mwanzoni kabisa, lakini viatu vyake vilikuwa nje na mlango umejaa watu, akabaki amesimama pembeni ya rido, machozi yanateremka kwenye miwani. Alikuwa anasema "Yoo, yoo, Mana yanje," Mungu wangu, kwa Kirundi, taratibu, akijilaumu yeye na neno lake.

Tukaweka kilio siku hiyo hiyo. Magodoro yakatandikwa saloni, nikakalishwa chini, nikafungwa kitambaa kichwani, nikawa mjane mbele ya watu wote, mjane wa mtu ambaye majani yalishaota juu yake. Nililia vibaya. Nililia kwa hasira, na sitaki kuificha: nilimchukia mama mkwe wangu. Nilikuwa nimelala kwenye godoro namtazama, najiambia, mwanamke huyu amenila. Amenilia jioni zangu zote.

Yeye hakulia. Huyu mama wa vilio, aliyekuwa anajitupa chini kwa ajili ya wazee wa watu, hapa kwake alikuwa mkavu. Alipita na chai. Alipanga viti. Aliuliza nani hajapata sukari. Wanawake walianza kunong'onezana, mmoja akainama sikioni mwangu akasema, "Lakini huyu mama yuko sawa? Mwanawe wa kumzaa!"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu kwa ukali. Ndipo nikaelewa. Nikauona ule mstari wa vilio vyote alivyokwenda, vya bibi huyu na babu yule, kitenge cheusi, "mutoto wangu, mutoto wangu". Alikuwa amekwenda kumlilia wapi mwanawe, kama nyumbani nilikuwa nimeweka sahani? Alikuwa anaomba nafasi kwenye misiba ya watu. Alikuwa analia kwao, anafuta uso njiani, anaingia ndani ananiuliza kama nimekula. Na asubuhi anakaa uani, ametupa mgongo, anakula chakula cha maiti yake. Alikuwa amemaliza. Kilio hiki kilikuwa changu peke yangu.

Nilikaa wiki nyingi bila kumwambia zaidi ya "habari ya asubuhi" na "mtoto amelala". Lakini jioni ya kwanza baada ya watu kuondoka nilipika, nikapakua sahani tatu, nikasita na upawa mkononi mbele ya kabati. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani. Sahani ya nne nikaipakua, nikaiweka mbele yake ikiwa bado moto, nikamwambia, "Kula mama. Usingoje asubuhi." Alikula nusu.

Mtihani nilikwenda. Nilipanda basi la kwenda nchi jirani, nikiwa na kitambaa cheusi kichwani, narudia mikia dirishani mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Sehemu ya kuandika ilikuwa ya kawaida, nilijikwaa, nikainuka. Ya kuzungumza ilikuwa mbele ya watu wawili, mwanaume kimya mwenye kalamu na mama mmoja wa Kijerumani, mvi nyeupe, uso wa wema. Akaniuliza ninakaa na nani.

Nikasema ninakaa na binti yangu na mama mkwe wangu. Nikapumua. Sikuwa nimewahi kulisema neno hilo la kifo kwa mdomo wangu, kwa lugha yoyote. Kwenye kilio walisema wengine, mimi nililia tu.

"Mein verstorbener Mann," nikasema, "war Händler."

Yule mama uso wote ukang'aa. Akamtazama mwenzake, mwenzake akaandika kitu. Akaniinamia mezani, akasema kwa furaha ya kweli kabisa:

"Sehr gut!"

Vizuri sana! Nilielewa, jamani, si kwamba sikuelewa. Nilijua anausifu mkia, ule mkia wa er ambao wengi wanaukosa. Lakini uso wangu haukujua. Ulikuwa umepigwa kofi. Nikasema danke, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na tukahamia kwenye habari za kazi, kama mwalimu alivyosema.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa kizingitini na ungo. Nilikaa chini karibu yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Wamekuuliza?" akasema.

"Wameniuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema."

"Wakasema nini?"

"Wakasema vizuri sana."

Mikono yake ikasimama. "Vizuri?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Vizuri nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni neno ndilo walilolisifu, jinsi nilivyolimalizia, si kifo. Wao hawakumjua. Kwao ni sentensi tu, na sentensi ilikuwa nzima. Alisikiliza mpaka mwisho, akachambua kidogo, akatupa kijiwe uani.

"Na mi?" akasema. "We unasema bwana yako. Mi nitasemaka je?"

Nikamgeukia nikamwambia:

"Mein verstorbener Sohn."

"Sohn ni mutoto?"

"Mtoto wa kiume, mama. Mkia ni uleule, wa kwangu na wa kwako. Haubadiliki."

Akalisema. Safari hii hakuukata mkia. Alilisema taratibu, lote, mara moja tu, akavuta ungo magotini akaendelea kuchambua maharage, na mimi nikaingiza mkono nikamsaidia.